Mikebe Mitano na Jicho Moja

Mwanangu wa gredi ya nne huleta habari za dharura Ijumaa jioni, duka la vifaa vya shule likiwa limeshafungwa. Ijumaa ile ya Mei, mvua ikimwagika kama yenye kinyongo nasi, alivua viatu, akafungua friji, na uso wake ukiwa bado umo humo ndani akasema, "Baba, Jumatatu tunatakiwa tupeleke wanyama watano wasio na uti wa mgongo. Wawe hai."

"Hai?"

"Mwalimu amesema picha hataki."

Mzazi mwenzangu mwenye mtoto katika mtaala huu ulioingia madarasani mwaka 2019 hahitaji maelezo. Nimeshatengeneza kayamba ya vizibo vya soda saa tano za usiku. Nimeshapanda matatu na gunia la udongo wa mfinyanzi mapajani, utingo akidai gunia nalo lilipe nauli. Lakini kazi hizo zote zilikuwa na sifa moja nzuri: zikiwekwa mezani, hazikuondoka zenyewe.

Sisi twaishi Tena. Nikimwambia mtu wa kwetu Pwani kwamba naishi Tena, hungoja nimalize sentensi. Ni mtaa wa Eastlands, kando ya barabara ya Manyanja, Donholm upande mmoja na Umoja upande mwingine. Uani kwetu ni hatua sita kwa nne, na ndani ya hatua hizo mna tangi la maji, kamba ya nguo, magunia manne ya sukuma wiki, na mtaro unaopitisha maji ya majirani wote wa safu yetu. Kwa kazi ya mwalimu, hifadhi ya taifa isingeweza kutufaa zaidi.

Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Malindi kuonwa macho. Ana mtoto wa jicho upande wa kulia, na kliniki ilikuwa Jumatano. Alikuwa kwenye kochi, leso begani, akisikiliza.

"Wanyama gani hao wasio na mgongo?"

"Konokono, bibi. Mende. Buibui."

"Hao si wanyama. Hao ni wadudu."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza, na haujaisha hadi leo. Kwa Kiswahili cha mama, mdudu ni neno pana kuliko kitabu chochote cha shule. Nyoka ni mdudu, hasa usiku, maana giza likiingia jina lake halitajwi. Nge ni mdudu. Kidonda kikikataa kupona, kimeingia mdudu. Pweza, ngisi, kamba na kaa, kwa kuwa huuzwa sokoni pamoja na changu na tafi, hao wote ni samaki. Uainishaji wake una maswali mawili tu: aliwa? auma?

"Lakini bibi, nyoka ana uti wa mgongo. Ana pingili zaidi ya mia mbili."

"Mia mbili!" mama akashangaa. "Na bado atambaa?"

Jumamosi mchana mvua ilipopumua tulitoka uani na mikebe mitano: miwili ya siagi, miwili ya majani ya chai, na mmoja wa plastiki wa aiskrimu ambao mke wangu alisema anautaka urudi ukiwa msafi. Konokono tulimpata chini ya tangi. Nyungunyungu alikuwa chini ya ndoo. Jongoo alikuwa akipanda ukuta wa jirani taratibu, kama fundi aliyelipwa kwa siku. Buibui alikaa nyuma ya sanduku la mita ya stima. Mende hatukumtafuta. Tulizima taa ya jikoni, tukahesabu hadi kumi, tukaiwasha.

Nataka nikae kidogo kwa konokono, kwa sababu sikuwa nimewahi kumtazama. Tulimweka juu ya kioo cha dirisha kilichovunjika, tukakiinua juu, tukamwona kwa chini. Ule wayo wake mmoja ulikuwa ukipitiwa na vijiwimbi vidogo, kimoja nyuma ya kingine, na hivyo tu ndivyo alivyokuwa akienda. Mbele alitoa pembe nne, mbili ndefu na mbili fupi, na kwenye ncha za zile ndefu palikuwa na nukta nyeusi: macho. Mwanangu alipomgusa jicho kwa unyasi, lilirudi ndani ya pembe kama kidole cha soksi kinapogeuzwa. Na upande wa kulia, chini ya ukingo wa kombe, palikuwa na kitundu kilichofunguka, kikakaa, kikafumba. Alikuwa akipumua.

"Baba, si hili kombe ndilo mfupa wake? Amevaa mgongo nje."

Swali hilo si la kipumbavu. Nilimwambia kombe ni chokaa tu, inayotolewa na ngozi yake mwenyewe na kuongezwa ukingoni kadiri anavyokua; haina kiungo hata kimoja, haina pingili. Aliyevaa mgongo nje ni kobe. Gamba la kobe ukilitazama kwa ndani utakuta uti wa mgongo na mbavu zimeungana nalo, kitu kimoja. Wanaodhani kobe anaweza kutoka ndani ya gamba lake wajaribu kwanza kutoka ndani ya mbavu zao.

"Konokono huyu ni mtoto," mama akasema kutoka mlangoni. "Wa kwetu ni kama ngumi." Ni kweli. Yule konokono mkubwa wa Pwani ya Afrika Mashariki, ambaye kombe lake laweza kufika sentimita 20, amesafirishwa na watu hadi pembe nyingi za dunia, na kule Florida, Marekani, serikali imewahi kumsaka kwa mbwa wa kunusa. Mama alifurahi sana kusikia kwamba mtu wa kwetu anatafutwa Marekani.

Chakula cha jioni kiligeuka darasa bila mtu kupanga. Kwa heshima ya mgeni palikuwa na kuku, na kwa sababu mke wangu ni mtu wa Siaya, palikuwa na omena, ambao mama huwaita dagaa. Nilichukua shingo ya kuku, nikaichuna nyama, nikaitenganisha pingili kwa pingili ukingoni mwa sahani. Kila moja ilikuwa na tundu katikati. Mwanangu akapitisha njiti ya kiberiti, akazitunga kama shanga. Kuku ana pingili 14 za shingo. Tulipata 12, moja ikiwa imeondoka na kichwa na nyingine nina hakika niliimeza. Twiga, kwa urefu wote ule, ana 7, sawa na sisi.

"Na omena?" binti yangu wa kidato cha tatu akauliza, kwa sauti ya mtu anayejua jibu. Nilimbana omena mmoja kwa kucha, nikampasua tumboni hadi mkiani. Ulitoka uzi mweupe, mwembamba kuliko unywele wa mama, ukiwa na vifundo vidogo vidogo. Mwanangu akausogeza kwenye taa. Mdudu mkubwa kama jongoo hana, na huyu anayeingia mdomoni dazeni kwa tonge anao. Nadhani hapo ndipo somo lilipomwingia.

Kwenye redio mheshimiwa fulani alikuwa akisema kilimo ndicho uti wa mgongo wa uchumi wetu, kama wanavyosema wote tangu nikiwa mtoto. Mwanangu akauliza ikiwa uchumi basi nao ni samaki, ndege au mamalia. Binti yangu akasema ni konokono.

Mama hakuwa amesalimu amri kuhusu pweza. "Pweza hana mfupa, sawa. Lakini ana akili. Mimi nimemwona akikuangalia ukampa kisogo. Mwaniambia yuko fungu moja na mende?" Nikamweleza kwamba fungu hilo lina mambo mengi, pweza ana mioyo mitatu na damu ya buluu, ni ndugu wa konokono, si wa mende. Kisha nikafanya kosa la kuongeza kwamba kiti cha pweza, yule mwenye mikono mitano anayelala mchangani maji yakitoka, kwa nasaba ya wataalamu ni ndugu yetu sisi wa karibu kuliko pweza mwenyewe. Mama aliweka tonge chini.

"Ndugu yako wewe," akasema.

"Kuna aliye katikati?" mwanangu akauliza. "Mwenye uti nusu?"

Yuko, na amepita mlangoni kwa mama. Mwaka 1938 huko Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya mji wa East London alimkuta katika samaki wa mashua ya wavuvi samaki wa ajabu, wa aina ambayo wataalamu waliamini ilitoweka pamoja na dinosau. Ndiye silakanti. Mwaka 2001 mwenzake alinaswa na wavu wa meli karibu na Malindi. Yumo katika fungu la wenye uti wa mgongo, lakini ukimpasua hukuti mnyororo wa pingili kama wa omena. Unakuta mrija mmoja mrefu wenye umajimaji, ule ambao sisi hatuna ila tukiwa bado tumboni mwa mama zetu. Samaki mrefu kama mtu mzima anashindwa na dagaa.

"Huyo nilimsikia," mama akasema. "Walisema nyamaye haifai." Swali la kwanza likawa limeshajibiwa.

Sasa kosa lenyewe, na ni langu peke yangu. Mama alisema viumbe hao watakufa wakikosa pumzi. Nikatafuta msumari na nyundo. Mikebe minne ilitobolewa vizuri. Wa tano, ule wa aiskrimu, ulipasuka mfuniko kutoka ukingo hadi ukingo. Nikaona ni sawa tu. Nikaipanga yote juu ya friji, nikaacha dirisha wazi kidogo kwa ajili ya hewa, na taa ya tyubu ikiwaka ili mama akiamka usiku asijikwae. Ukitaka kuwaalika wadudu wote wa Eastlands msimu wa mvua, hakuna kadi ya mwaliko nzuri kuliko tyubu nyeupe na dirisha lililoachwa wazi.

Saa nane za usiku nikasikia sauti ya mama, tulivu kabisa.

"Mwanangu. Kamba yatembea."

Nimeshasema giza likiingia nyoka hatajwi. Nilishuka ngazi na fulana na bukta, mke wangu nyuma yangu na ndara mkononi. Juu ya ukuta wa sebule, jongoo wetu alikuwa ameshapita picha ya harusi na alikuwa akielekea saa ya ukutani. Kumbe mfuniko wa mkebe wa majani ya chai sikuukaza. Ule wa aiskrimu ulikuwa mtupu: mende alikuwa amekwenda kwao, ambako ni jikoni kwetu. Konokono alikuwa ameusukuma mfuniko wa siagi na sasa alikuwa ndani ya karai la sukuma zilizokatwa za kesho, akila kwa mwendo wake. Buibui sijamwona hadi leo. Nyungunyungu peke yake, asiye na jicho wala mguu, alibaki palepale tulipomweka.

Vita vilichukua dakika 40. Mke wangu aliwaua mende sita ambao hakuna kati yao aliyekuwa wetu. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye stuli chini ya ile tyubu, nikimkinga jongoo kwa bahasha ya bili ya maji, nilipohisi kitu kikitembea shingoni. Chepesi, kama uzi. Nikakipiga kofi. Lilikuwa kofi la mwenye nyumba. Nikatazama kiganja: mstari mwekundu wa rangi ya chungwa, na kijimwili kirefu chenye mikanda myeusi. Nikajipangusa kwenye bukta, nikafuta jasho la jicho la kushoto kwa mkono uleule, nikarudi kulala nikijiona shujaa.

Jumapili kutwa sikuhisi kitu ila kamwasho. Jumatatu alfajiri jicho la kushoto halikufunguka.

Shingoni palikuwa na mstari mwekundu, mpana kama kidole, kama niliyeburutwa kwa kamba, na juu yake malengelenge yakianza kujaa maji. Kwenye mkunjo wa shingo lengelenge lilijinakili: ilipogusana ngozi na ngozi, alama ya chini ikachapa nyingine juu. Kope zilikuwa zimevimba zikameta. Mama alinishika kidevu, akanisogeza kwenye upande wa jicho lake zima.

"Umekojolewa na mdudu," akasema.

Hakuwa mbali na ukweli. Yule ni nzi wa Nairobi, jina lenye makosa kila upande, kwa maana si nzi, wala hayuko Nairobi pekee. Ni mbawakawa mdogo, wa milimita 7 hadi 10, kichwa cheusi, kifua cha rangi ya chungwa, na vifuniko vifupi vya mbawa kama kizibao, tumbo likibaki nje. Akishtuka huliinua tumbo kama nge. Haumi wala hachomi. Shambani ni rafiki, maana hula wadudu waharibifu. Lakini damu yake ina sumu iitwayo pederini, ambayo hata si yeye anayeitengeneza, bali bakteria wanaoishi ndani ya majike. Asipopondwa, sumu inabaki ndani, na akipondwa inabaki kwako. Inakuchukua siku moja au mbili kujua ulichofanya. Mvua za El Niño za 1997 hadi 1998 zilipomwaga maji mengi, waliongezeka hata kliniki za mji huu zikajaa watu wenye jicho kama langu, nami nilikuwa hapa Nairobi wakati huo, kijana, nikiwacheka.

Nililala na kitambaa baridi usoni, binti yangu akinisomea ili nisichoke. Ndipo nilipokutana na mzee Lamarck. Mwaka 1793, makumbusho ya viumbe ya Paris yaligawa kazi kwa maprofesa, na yeye, aliyekuwa mtu wa mimea na umri wake umekaribia miaka 50, akaachiwa fungu lililokuwa halina mwenyewe: wadudu na minyoo. Hakulalamika. Mwaka 1801 akatoa kitabu kilicholipa fungu hilo jina ambalo mwanangu analibeba shuleni leo, wanyama wasio na pingili za mgongo. Uzeeni akapofuka, na binti yake akawa anamwandikia alichokisema. Binti yangu alinyamaza kidogo hapo. "Usizoee," akaniambia.

Namheshimu mzee huyo, lakini jina alilotuachia lina dosari ambayo niliiona vizuri kwa jicho moja. Kati ya kila aina 100 za wanyama zinazojulikana duniani, zaidi ya 95 hazina uti wa mgongo. Kuwaita hao wote kwa kitu wasichokuwa nacho ni sawa na kuigawa dunia kuwa watu wa Tena na wasio wa Tena, kisha ukaenda kulala ukidhani umemaliza sensa. Katika nyumba yangu wenye uti wa mgongo walikuwa watano, na hesabu ya upande wa pili inaanzia mvunguni mwa friji.

Shuleni nilimpeleka mwenyewe, miwani ya jua usoni, katika manyunyu. Vijana wa bodaboda pale kona wakaniuliza kama mama watoto amekasirika sana au kidogo. Mwanangu alibeba konokono, nyungunyungu, jongoo, na mende mpya, maana mende hawajawahi kuadimika kwetu. Nafasi ya buibui alikuwa ameijaza bila kuniambia: kipande cha karatasi nyeupe, na juu yake, chini ya selotepu, mabaki ya yule niliyempiga, yaliyobanduliwa kwenye bukta yangu kwa kibano cha nyusi cha mama yake. Chini ameandika kwa kalamu ya risasi: *Nzi wa Nairobi. Si nzi. Hana uti wa mgongo. Alimshinda Baba.*

Masharti yalikuwa wawe hai, kwa hivyo kwa idadi alipewa "amekaribia matarajio", na kwa maelezo "amezidisha matarajio". Sikubishana. Mkebe wa aiskrimu mke wangu bado anauulizia.

Jumatano nilimsindikiza mama kliniki. Muuguzi alitoka, akatutazama sote wawili, akanishika mimi mkono, akamwambia mama asubiri nje. Ilibidi tumweleze. Mama alionwa, akapangiwa upasuaji wake, na akatoka akiwaambia watu kwenye benchi kwamba Nairobi ukileta jicho moja bovu hukuongezea la pili. Malengelenge yangu yalikauka baada ya wiki mbili. Alama shingoni ingalipo, ya rangi ya kahawa.

Kwa hivyo wewe usomaye, mvua zikianza funga dirisha kabla ya kuwasha taa, au weka wavu. Ukihisi kitu kinakutembea shingoni usiku, usipige. Mpulize, au mwache apande kwenye karatasi umtoe nje. Na kama umeshampiga, usiguse jicho. Nenda ukaoshe mkono na shingo kwa sabuni na maji mengi, usiku huohuo, hata kama maji ya mgao yamebaki mtungi mmoja.